Wodi Waliyoifunga Sandvær

Hospitali yetu ya Sandvær, huku kaskazini mwa Norwe, ilijengwa na wavuvi wenyewe. Wanaume walibeba mawe, wanawake wakafuma soksi na kuziuza wapate saruji. Mama mkwe wangu, Gudlaug, aliteka maji ya ujenzi akiwa msichana, na baadaye akawa mkunga pale hadi alipostaafu.

Niliposhikwa na uchungu, wodi ya wazazi ilikuwa imeshafungwa. Tuliambiwa twende mjini, ng'ambo ya mlima. Theluji ikatukwamisha njiani. Binti yangu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gudlaug, aliyekuwa nasi garini, akampokea na kumfunika kwa sweta lake. Mimi nilivuja damu hadi nikazimia. Huko mjini daktari aliniambia sitazaa tena.

Mwezi uliofuata, mkurugenzi wa afya wa mkoa, Sigbjørn, mzaliwa wa hapa hapa, alikuja kusherehekea miaka sabini ya hospitali. Keki, bendera, hotuba.

"Hospitali hii ni fahari yetu," alisema. "Huduma ziko karibu na wananchi!"

Gudlaug akasimama. "Huduma zipi, Sigbjørn?"

"Mama, leo ni siku ya furaha."

"Furaha ya nani? Mama yako nilimzalisha hapo ghorofani. Ulitanguliza makalio! Ungezaliwa mlimani, leo tusingekuwa na mkurugenzi."

Watu wakaangua kicheko. Sigbjørn akawa mwekundu. "Wataalamu wamechunguza. Wodi ndogo si salama."

"Na gari la mwanangu je, ni salama?"

Nikasimama na mtoto wangu. "Niambie mimi, Sigbjørn. Ni salama?"

Akakwepa macho yangu. "Uamuzi ulitoka juu."

"Juu wapi?" Gudlaug akafoka. "Mbinguni?"

Tukapanda ghorofani, ukumbi mzima. Mume wangu, Eivind, akang'oa bawaba za mlango wa wodi, tukaketi ndani. Sigbjørn akaita polisi. Akaja polisi mmoja tu, Arnfinn, akavua kofia.

"Mke wangu ni mjamzito," alisema. "Kahawa ipo?"

Wakubwa wametuletea mkunga wa kupima wajawazito mara mbili kwa wiki. Kuzalisha, haruhusiwi. Wanadhani tutashukuru. Bado hatujaondoka wodini: tunapokezana kulala humo, na kesho ni zamu yangu na binti yangu.