Damu ya Mahmoud Mwenyewe

Siku ya kumi na mbili katika wodi ile ya Kampala, chupa iliyokuwa chini ya kitanda cha mume wangu Mahmoud bado ilitoa mapovu. Pafu lake lilikuwa na tundu. Hewa ilivuja humo, ikashuka kwa mpira uliochomekwa ubavuni hadi kwenye maji ya chupa. Tundu likiziba, alisema Daktari Ogutu, maji yatatulia. Lisipoziba, atapasuliwa kifua.

"Kifua changu hakipasuliwi," Mahmoud akasema. Nduguye aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Nilimjua mtu wangu: angekwenda kufia nyumbani. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Asubuhi ile daktari akaja na habari nyingine. "Iko njia isiyo na kisu. Tunapitisha damu kwenye mpira huu, inaganda ndani, inaziba tundu."

Sikumngoja amalize. Nikakunja mkono wa baibui. "Toa yangu!"

"Ya huyu ya nini?" akadakia Habibah, mke mwenzangu. "Ana presha! Chukua yangu, daktari. Bado changa."

Changa! Wallahi nilitamani kumtia kofi. Miaka kumi na moja yeye anakaa Ntinda, mimi Kasubi, salamu yetu ni kusonyana, na leo ananitangazia uzee mbele ya wodi nzima? "Damu ya soda na biskuti," nikamwambia. "Hiyo itaganda lini?"

"Hajati," daktari akaniambia, kisha akamgeukia Habibah, "na wewe mama, tulieni. Damu inayotakiwa ni ya mgonjwa mwenyewe."

Loo! Tukashusha mikono yetu, wagonjwa wanatucheka.

Wakamtoa Mahmoud damu mkononi, kama vikombe viwili vya kahawa, wakaiingiza kifuani kwa ule mpira. Tukaambiwa tusubiri hadi kesho.

Kulipokucha, daktari akamwinamia. "Kohoa, mzee."

Akakohoa. Maji kimya.

"Tena."

Kimya! Nikapiga kigelegele, nikamkumbatia aliyekuwa karibu, nikalia begani mwake kwa furaha. Kumbe ni Habibah, naye analia.

Mahmoud akatutazama. "Yarabi! Hawa wawili wakipatana, mimi nimekwisha." Akacheka, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Mimi na Habibah tukainama pamoja kwa hofu kuitazama chupa.

Hakukuwa na povu hata moja.