Harufu kwenye Kisima cha Mwasiti

Mwasiti alipika sabuni ya mawese uani kwake, Rumonge, na wateja walimfuata hata kutoka Minago. Kiangazi cha mwaka wa pili baada ya uhuru, sabuni ikaanza kurudishwa.

"Dada, nguo ya mutoto inanuka motokari," mteja mmoja alimwambia.

Akabadilisha muuza mawese, harufu ikabaki. Ndipo akateka maji ya kisima cha mtaa, aliyopikia sabuni, akayaacha juani. Juu yake ukatanda utando wa rangi rangi. Ilikuwa esanzi, mafuta ya motokari.

Juu kidogo ya kisima palikuwa na duka la Radjabu. Zamani Mbelgiji mmoja aliuza esanzi pale. Alipoondoka, Radjabu alinunua nyumba, akang'oa pampu, akajenga stoo ya chumvi juu ya tanki lililozikwa.

"Tanki iko tupu," Radjabu alisema Mwasiti alipomwendea. "Nyinyi wanawake munamwaga petroli ya taa, kisha munaniharibia jina. Fukieni kisima. Nitawachimbia kingine kule chini."

"Maji ya kule chini si yanapita hapa hapa, mzee?"

"Nenda ukapike sabuni yako."

Alikwenda, lakini kumwita Sylvestre, mchimba visima aliyetoka Uvira. Wakachimba mashimo kwenye njia ya watu wote, kutoka kisimani kupanda dukani. Kila shimo Mwasiti alichota udongo, akaunusa, akawapa wapita njia nao wanuse. Karibu na kisima harufu ilikuwa hafifu. Ukutani kwa duka udongo ulikuwa mweusi, wa mafuta, na Sylvestre alitoka shimoni akikohoa.

"Mtu asiwashe sigara hapa," alisema.

Mwasiti akataka wachimbe pia nyuma ya duka, kwenye mwinuko. "Asije Radjabu akasema iko hivi kila mahali." Udongo wa kule ulinuka udongo tu.

Radjabu akaja na wapagazi wawili wenye sepetu. "Fukieni!"

Mwasiti akashuka kwenye shimo la ukutani, ukingo wake ukamfika kifuani.

"Haya. Anzeni na mimi."

Wapagazi wakatazamana. Mmoja wao, Nasoro, akatupa sepetu. "Bwana, hata watoto wangu wanakunywa maji hayo."

"Utalia, Mwasiti!" Radjabu akafoka.

"Moshi wa sabuni umeniliza miaka yote, mzee. Nimezoea."

Wanawake waliotoka kisimani wakatua ndoo zao, wakaketi pembeni mwa mashimo, na hawakuondoka mpaka Radjabu akakubali sakafu ya stoo ivunjwe. Tanki lilikuwa limeliwa na kutu, mtaimbo ukapenya bila kusukumwa. Chini yake udongo ulikuwa tope la esanzi.

Tanki likatolewa, lakini kisima hakikupona. Radjabu akarudia ahadi yake ya kule chini. Mwasiti akakataa katakata: kisima kipya kichimbwe nyuma ya duka, kwenye udongo safi, ndani ya ua wa Radjabu mwenyewe. Walivutana mpaka mvua zikakaribia, Radjabu akachoka, akakubali.

Tangu hapo kila alfajiri wanawake walipita langoni kwake na ndoo, wakicheka kwa sauti. Siku moja akatoka akilalamika kwamba wanamkatiza usingizi.

"Amahoro, mzee," Mwasiti akamsalimu bila kupunguza mwendo. "Tunapita."