Mayai Yaliyochovywa

Barnaba alirithi shamba la kahawa. Alirithi na nyumba ya bati, na mashine ya kumenyea kahawa, na hata kile kiti cha mikono ambacho marehemu baba yao hakukubali mtu mwingine akikalie. Ferista, dada yake mkubwa, alirithi kuku. Wazee wa ukoo waligawa hivyo wakaona wametenda haki, maana mtoto wa kike, walisema, ana kwake Iyula kwa mumewe Osea, shamba la Igamba la nini? Wakamaliza togwa yao wakaondoka.

Basi Ferista aliwapenda wale kuku kupita kiasi. Tusimcheke. Ukipewa kitu kimoja kati ya vyote vilivyokuwepo, hicho kimoja utakishika kwa meno. Na kusema kweli hawakuwa kuku wa mchezo. Walikuwa na madoadoa kama kanga, miguu mifupi, vifua vya kujaa mkono, na matetea wake walikuwa walezi hasa. Tetea akishaatamia, radi ipige, mvua inyeshe, hatoki kwenye kiota. Vifaranga wake mwewe alikuwa anawasikia sauti tu. Mama yao aliitunza mbegu hiyo tangu yeye mwenyewe ni msichana, na alipofariki, watu wa Iyula waliwatambua wale kuku kwa Ferista kama wanavyomtambua mtoto wa mtu.

Mbegu hiyo haikusambaa hovyo, na kulikuwa na sababu. Mayai ya kuuza, yale yanayobebwa na wachuuzi wa Tunduma, mama alikuwa anayachovya kwanza kwenye maji ya moto. Siyo kuyachemsha. Anayazamisha, anaanza Baba Yetu moyoni, akifika kwenye "utupe leo riziki yetu" anayatoa. Ukiyala huoni tofauti, na tena hayaharibiki upesi. Ila ukimwekea kuku, ataatamia mpaka manyoya ya kifua yamnyonyoke na kifaranga hutamwona.

"Ya kuuza, chovya," mama alikuwa akimwambia Ferista. "Ya kumpa mtu wako usichovye. Mtu wako amekuja kwako kuomba uhai, siyo chakula."

Ferista alilishika somo hilo vizuri sana. Ndiyo maana baadaye hakuwa na pa kujifichia.

Barnaba alioa msichana kutoka milima ya Ileje, Gwalugano, mcheshi, mwenye kupiga magoti kusalimia hata pale ambapo kuinama kungetosha. Hawakumaliza mwaka, akafika Iyula asubuhi moja na kifuko cha pumba mkononi.

"Wifi, nimekuja kuomba mayai ya kuku wa mama," alisema. "Barnaba kila nikimpikia kuku ananisimulia hao. Na nina tetea pale nyumbani ameatamia gunzi la mahindi, jamani, mpaka namhurumia."

Ferista alicheka. "Kuku tu hao, wifi yangu. Kaa unywe chai, nikuchagulie mazuri."

Akachagua mazuri kweli. Aliingia nayo jikoni, na jikoni sufuria ya chai ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuchemka, na pembeni yake sufuria nyingine ya maji ya kuoga Osea. Tangu siku ile amejiambia mara nyingi kwamba hakukusudia. Uongo. Alisimama pale na mayai kwenye upande wa kanga akafikiria, kahawa wamechukua, nyumba wamechukua, kiti wamechukua, na leo wamefuata kuku. Akaona madoadoa ya mama yake yakitembea Igamba uani kwa Barnaba, watu wakiwaita kuku wa Gwalugano. Akayazamisha. Alifika kwenye riziki, akayatoa, akayafuta vizuri kwa kanga, akayapanga juu ya pumba kwenye kikapu chake mwenyewe cha ukindu. Mstari wa makosa na kusamehewa hakuufikia, maana ukiufikia mayai yanaiva.

Gwalugano alishukuru mpaka njiani.

Mayai hayakutotoa hata moja. Yalikuwa viza yote, na yule tetea alikonda akawa manyoya na macho. Lakini Gwalugano alikirudisha kikapu kimejaa maharage, kwa sababu huku hatumrudishii mtu kikapu kitupu, angalau utaweka viazi viwili.

"Nadhani ni ile bodaboda," alisema kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. "Ilinirusharusha, mayai yakavurugika. Nikubalie tena, wifi. Safari hii nitatembea kwa miguu, nitayapakata."

Hapa ndipo Ferista alipokuwa na nafasi yake. Angeweza kumpa mayai mazima na mambo yangeishia hapo. Lakini mwizi akishaingia ndani hawezi kutokea mlangoni akiaga. Yakitotoa haya, aliwaza, atajiuliza yale yalikuwa na nini. Ataanza kuulizauliza, atakutana na mtu anayejua habari ya kuchovya, na mimi nitaitwaje? Akaingia jikoni mara ya pili. Ili uovu wa kwanza usijulikane, akafanya wa pili, tena safari hii bila hata hasira, kama mtu anayeosha vyombo.

Gwalugano alitembea kwa miguu kutoka Iyula hadi Igamba na kikapu kifuani. Ferista alimwangalia akipotea kwenye migomba, anaweka mguu taratibu kama mwenye mimba. Na mimba ndiyo ilikuwa haijaja.

Mayai ya mara ya pili nayo yalikuwa viza, kikapu kikarudi na viazi, na sasa watu walikuwa na la kusema. Aliyelisema kwanza ni shangazi yao, Restuta, mwanamke mwenye ulimi usiopata likizo. Walikuwa jikoni kwenye harusi ya jirani, wanawake wamezunguka nyungo za mchele, na mtu akauliza kama mke wa Barnaba bado.

"Bado nini?" alisema Shangazi Restuta. "Kwa yule hata mayai hayatotoi. Kuku wa marehemu wifi yangu wanaototoa popote, wamefika mkononi kwake wameoza. Mara mbili! Mungu aongee vipi tena?"

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Ferista alikuwa amekaa pale pale, anachambua mchele. Neno lilimjia hadi kwenye meno. Akaokota jiwe dogo, akalitupa, akaendelea kuchambua. Alijitetea moyoni kwamba mayai na tumbo la mtu wapi na wapi, maneno ya jikoni yataishia jikoni. Yeye anayejua jinsi vifaranga wanavyokimbia kila upande mlango wa banda ukiachwa wazi, alijifanya hajui maneno yanavyokimbia.

Maneno yalifika Igamba kabla masufuria ya harusi hayajakauka. Barnaba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunyamaza tu, na kwa mke anayesemwa, mume anayenyamaza ni kama naye anasema. Gwalugano akaacha kufuga. Alimpa jirani yule tetea wake, akabaki anapalilia kahawa na kuitikia salamu.

Kisha kideri kikaingia Iyula, ule wakati wa upepo mkavu baada ya kuvuna mahindi. Kuku walianza kupinda shingo kwa majirani. Ferista hakuhofu, kwa kuwa wake walishapata chanjo ya matone machoni. Alisahau kwamba siku ya chanjo aliwashika wale wa bandani tu. Wale wanaolala juu ya mibuni hawakushikika na yeye alikuwa na haraka, akasema hawa watachanjwa safari ijayo. Na waliolala mitini ndio waliokuwa matetea bora, wenye akili ya porini, walezi. Wale wa bandani walikuwa majogoo wa kuuza na mitemba isiyofikia kutaga, na wao Osea alikuwa ameshampakilia mchuuzi wa Tunduma wiki moja kabla, wengi wakavuka kwenda kuliwa Zambia.

Basi akawazika. Tetea wa mwisho, mwenye ushungi, alimkuta asubuhi amefia juu ya mayai yake, mabawa ameyatandaza. Ferista alipeleka mkono chini yake, mayai bado yana joto kidogo, akayapenyeza kwa tetea wa kuazima. Yalikuwa yameshapata baridi ya alfajiri, au ugonjwa, hakujua. Hayakutotoa. Alikaa kwenye kizingiti cha banda akalia kama aliyefiwa upya na mama yake. Katika kulia ndipo alipokumbuka kwamba mbegu ile ingeweza kuwa hai sasa hivi, mahali pamoja tu duniani, na kwamba hapo, uani kwa Barnaba, aliiua mwenyewe kwa maji ya kuoga.

Gwalugano alifika siku chache baadaye. Alikuwa na mfuko wa nguo begani, na kwapani kuku mwekundu wa kawaida, amefungwa miguu kwa kitambaa.

"Pole sana, wifi," alisema, akapiga magoti vilevile. "Nimesikia. Nimekuletea huyu uanzie. Siyo kama wale, lakini anataga. Nimemchukua kwa jirani yangu, ni mjukuu wa tetea wangu yule wa zamani."

Ferista alipokea kuku. Hakuweza kumtazama usoni. "Na huo mfuko?"

"Naenda nyumbani Ileje. Nimejiondoa mwenyewe, wifi, Barnaba hajanifukuza. Nimemwachia nafasi aoe mwenye baraka." Akajaribu kutabasamu. "Kinachoniuma ni kimoja. Laiti mkono wangu ungekuwa mzuri, leo ningekuja na kuku wa mama, nikakurudishia."

Ndipo Ferista akasema. Alisema yote, akiwa amesimama, kuku mwekundu mikononi. Alisema habari ya sufuria, na ya kanga aliyofutia, na ya mchele wa harusini. Hakuipamba, na hilo ndilo jema pekee tunaloweza kumhesabia.

Gwalugano alinyanyuka taratibu kutoka magotini. Akajipangusa vumbi.

"Mara zote mbili?" aliuliza.

"Zote mbili."

"Hata ile niliyotembea kwa miguu?"

Ferista alitikisa kichwa kukubali.

"Mayai siyo tumbo, wifi," alisema Gwalugano. Hakupaza sauti. "Hilo nalijua, na wewe unalijua, na hata shangazi analijua. Lakini mimi nilifika mahali nikaacha kulijua. Usiku naulaza mkono wangu pembeni, nauogopa. Wewe ulikuwa na neno moja tu la kunisaidia."

"Nisamehe. Nitakwenda Igamba leo leo, nitamwambia Barnaba. Nitamwambia shangazi mbele ya watu."

"Kamwambie," alisema Gwalugano, akapandisha mfuko begani. "Ni vizuri wajue."

Na hakurudi nyuma. Alikwenda kusubiri gari la Itumba, lile linalokwenda Ileje.

Ferista alitimiza. Alimwambia Barnaba aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti cha baba, naye akamsikiliza mpaka mwisho. "Sasa unaniambia leo, dada?" ndilo alilosema, akatoka kwenda shambani. Alimwambia Shangazi Restuta baada ya ibada, wanawake wamesimama, na kwa mara ya kwanza watu walimwona shangazi akiwahi kwenda nyumbani. Barnaba alikwenda Ileje kumfuata mkewe, akarudi peke yake.

Kuku mwekundu alitaga, akaatamia, akatotoa kila yai aliloatamia. Ferista aliwalea wale vifaranga kwa namna ambayo hata wale wa mama hakuwalea. Aliwapanga kwenye kapu na kuwaingiza ndani walale miguuni pake, na chanjo aliwashika mmoja mmoja, hata wa mitini, Osea akiwa juu ya ngazi. Walipokuwa mitemba, alichagua wawili wazuri kuliko wote. Akawafunga miguu kwa kitambaa, kisha kwenye kile kikapu cha ukindu akatandika pumba, na juu ya pumba akapanga mayai ya kuatamisha, mabichi, hayajawahi kuona maji. Akakifunga kwa kanga yake nzuri, akampa dereva wa gari la Itumba kikapu na kuku, na salamu: mwambie wifi yangu ni mazima.

Alisubiri. Kila gari likishuka kutoka Ileje alitoka kutazama. Dereva aliahidi, akasahau, akaahidi tena, na hatimaye siku moja alisimamisha gari na kumkabidhi kikapu chake dirishani.

"Alipokea?" aliuliza Ferista.

"Alipokea, mama. Alishukuru sana."

Ferista alikibeba hadi nyumbani kabla ya kukifungua, kwa kuwa hakutaka watu wa njiani waone. Kanga ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Kikapu kilikuwa kimeoshwa na kuanikwa jua, hakuna hata chembe ya pumba iliyobaki kwenye ukindu. Akapitisha mkono ndani, huku na huku, mpaka chini.

Kilikuwa kitupu.