Bhoke wa Kitanda Namba Mbili

Kila mwaka wananiletea wanafunzi wa chuo cha maabara, na kila mwaka nawaimbia wimbo uleule. Usimtajie mgonjwa jina lake ukangoja aitikie. Mwache ayataje mwenyewe majina yake, yote matatu. Usiandike kichupa kabla ya kutoa damu. Andika ukishatoa, palepale kitandani, kabla hujanyanyua mguu. Mpira wa mkononi usizidi dakika moja. Kichupa kigeuze polepole, usikitikise kama dawa ya mtoto. Wanaandika, wanaitikia kwa vichwa, na mimi naenda zangu wodini kufanya nijuavyo. Miaka kumi na tisa ya kuchoma watu sindano inakupa kiburi, na kiburi kikikutana na uchovu, Mungu apishe mbali.

Mimi ni mtu wa Karagwe. Nilipoletwa kwenye kituo hiki cha afya, huku upande wa Nyamwaga, kilichonishinda kwanza ni majina. Wanawake wengi walioolewa huku hawataji jina la baba mkwe, ni mwiko. Na kadi ya kliniki ina jina la mume, halafu la baba wa mume. Ukimuuliza mtu anaitwa nani, atakwambia "Bhoke," kisha ananyamaza, anaangalia chini, anangoja aliyemsindikiza ammalizie. Uwe na foleni ya watu arobaini nje, halafu uone kama utakuwa na subira hiyo. Basi nikazoea kuwasomea mwenyewe. Wewe ni fulani? Eee. Haya, leta mkono.

Alhamisi moja nilikuwa peke yangu maabara. Mwenzangu Vincent alikuwa ameitwa semina Musoma, semina zenyewe haziishi, na mimi nilikuwa na siku ya nane sijapumzika. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu nimevivua. Saa nane mchana Nestory, nesi wa wodi ya wazazi, akaja mbio na fomu: Bhoke Heche, kitanda namba mbili, amejifungua alfajiri, damu haikatiki, kope zimekuwa nyeupe pee, aongezewe damu haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjini mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi huko Kerende. Tulichokuwa nacho ni friji yangu na chupa tano za damu.

Nikaandika vichupa palepale mezani, jina na tarehe, ili nisipoteze muda. Nikaenda wodini. Kwenye kitanda namba mbili alikuwa ameketi mwanamke, kitenge mabegani, kichanga mapajani.

"Wewe ni Bhoke Heche?"

"Eee, ni mimi, daktari." Mkono akaunyoosha mwenyewe.

Mshipa ulisimama mara tu nilipofunga mpira, damu ikaingia kwenye kichupa bila kusitasita. Nikashukuru, maana sikuwa na nguvu ya kupapasa mikono ya mtu. Nikarudi maabara, nikapima kundi: A. Nikatoa chupa ya A, nikailinganisha na damu ya kile kichupa, zikakubaliana. Nestory akaichukua akakimbia nayo.

Kipimo cha wingi wa damu nilikuwa nimekiacha cha mwisho. Nikakiweka kwenye mashine. Ikasoma kumi na tatu.

Mtu aliyevuja damu tangu alfajiri, na dripu za maji juu yake, hawezi kuwa na kumi na tatu. Mimi mwenyewe sina kumi na tatu. Nitasema kilichonipitia kichwani, maana nimechoka kukificha: nilitaka kuisingizia mashine. Inadanganya mara nyingi tu, kila mtu pale anajua, na mimi nilikuwa nimekaa, na kukaa kulikuwa kutamu. Nikaona aibu nikarudia. Kumi na tatu. Ndipo nilipofikiria ule mshipa ulivyosimama, maana wa mtu aliyevuja damu hujificha, nikatoka mbio pekupeku.

Kwenye kitanda namba mbili sasa alilala mwanamke mwingine, midomo imepauka. Yule niliyemtoa damu alikuwa amesimama pembeni na kichanga. Chupa ya A ilikuwa imetundikwa tayari. Nestory alikuwa ameinama juu ya mkono wa mgonjwa, jasho linamtoka, maana sindano ya dripu ilikuwa imevimbisha mkono akaing'oa, na mshipa mwingine hauonekani. Alikuwa amekosa mara tatu. Kukosa kwake ndiko kulikotuokoa.

"Nestory, acha. Toa hiyo chupa."

Mambo yakajulikana kwa maneno machache. Hawa ni wake wa ndugu wawili, watoto wa mzee Heche, wote Bhoke. Mgonjwa alikuwa amerudishwa chumba cha kujifungulia asafishwe, mwenzake akaketi kitandani kumshikia mtoto. Na kwa kuwa Nestory alikuwa ameshawaambia ndugu wajiandae kuchangia damu, huyo mwenzake aliponiona na sindano akajua zamu yake ya kuchangia imefika.

Nikachukua kichupa kitupu, hakijaandikwa kitu. Nikamwinamia mgonjwa nikamwomba majina yake, yote.

"Bhoke," akasema, kisha kimya. Macho yakamwendea mama mkwe wake, Mama Tabitha, aliyesimama miguuni pa kitanda. Mama akafungua mdomo ammalizie. Nikamnyooshea mkono.

"Shikamoo, mama. Leo nisamehe. Nataka nilisikie kwake mwenyewe."

Mama Tabitha alinitazama, akamtazama mkwewe. Kisha akavuta khanga yake akajiziba masikio yote mawili, akageukia ukutani.

"Litaje, mwanangu," akauambia ukuta. "Mimi sisikii."

"Bhoke Emanuel Heche," akanong'ona, machozi yakamtoka.

Mshipa niliutafuta mpaka mgongo ukaniuma. Nikaandika kichupa nikiwa nimeegemea kitanda kilekile. Kundi lake lilikuwa O. Ile chupa ya A ingeingia mwilini mwake, ingemuua kabla ya jioni, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua. Kwenye friji kulikuwa na O mbili. Kufika saa kumi na mbili zote zilikuwa zimeingia, kutoka damu kumekatika, na Bhoke anaomba uji.

Nikamwita Mama Tabitha pembeni, nikamweleza yote bila kupunguza: kwamba nilimsomea mtu jina badala ya kumuuliza, kwamba chupa iliyotundikwa ilikuwa sumu kwa mkwewe, kwamba kosa si la Nestory wala la Bhoke mwingine. Nilikuwa tayari kwa lolote. Wanawake wa huku wakikasirika kijiji kizima kinajua, na nilitaka kijue.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia miguu yangu mitupu iliyovimba, akanishika mkono.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Nenda kalale."

Nikalia palepale mbele ya watu. Angenitukana, ningelala.