Kengele ya Gualtiero

Ushindi ule Fermo aliusikia kwa mtangazaji aliyekuwa akipayuka kwenye televisheni ya baa. Wateja waliendelea kunywa tu. Gualtiero, mzaliwa wa kijiji chao, alikuwa amepanda mlima peke yake, mdomo umefumbwa, bila hata kuhema, akiwaacha wenzake kana kwamba baiskeli zao zimekwama breki. Jana yake, katika mbio hizohizo, alifanya vilevile.

"Mzee Fermo, leo pia hupigi kengele?" mmoja akamchokoza.

"Kunywa divai yako."

Kijijini pale, mwenyeji akishinda mbio za baiskeli, kengele ya kanisa hupigwa. Fermo ndiye aliyempigia bingwa wao wa kwanza mpaka viganja vikachubuka, halafu vipimo vikaonyesha mtu alijaa dawa za kuongeza nguvu. Kengele ikishalia, utaifutaje? Tangu hapo alichoka kufurahi kabla ya majibu ya maabara.

Alitoka akaketi chini ya mnara wa kanisa. Hapo ndipo Oliva, mama yake Gualtiero, alipomkuta, aproni imejaa unga wa mahindi wa kusongea polenta.

"Fermo, kengele imeharibika?"

"Nzima."

"Na mikono yako?"

"Nayo mizima, dada."

Oliva hakugombana naye. Alimpita, akaingia mnarani, akaishika kamba kwa mikono miwili. Fermo akangoja, akiomba moyoni avute tu, amtue mzigo ule.  Kisha Oliva akaiachia kamba polepole, kwa uangalifu, kengele isije ikalia.

"Majibu ya vipimo hutoka lini?" akauliza.