Mguu wa Pili wa Shemeji

Nilimwambia dada habari yangu kabla hata sijavua viatu. Alikuwa jikoni anamenya vitunguu, mimi ndiyo kwanza natoka uwanja wa ndege, sanduku nimelitelekeza mlangoni, na badala ya kumwamkia nikasema, "Dada, nimepewa shule."

"Shule gani? Na shikamoo umeiacha kwenye ndege?"

"Shikamoo. Shule ya mafundi. Sitengenezi tena miguu, nakwenda kufundisha watu kuitengeneza."

Akaweka kisu chini. Dada yangu huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na akinyamaza namna ile mimi hurudi kuwa binti mdogo aliyevunja sahani.

"Hutengenezi tena," alisema. "Na watu wetu wanajua?"

Hawakujua, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Nafanya kazi ng'ambo, katika nchi ambayo vita viliisha lakini mabomu bado yamo mashambani, chini ya shirika dogo la hisani lisilomlipa mtu mshahara. Kila anayekwenda hutafuta watu wa kwao wa kumsimamia, na hao tunawaita watumaji. Wangu ni watu wa mtaa niliokulia: mshona nguo, kinyozi, walimu wa shule ya msingi, wenye maduka, na jamaa kadhaa ambao dada aliwashika mashati mpaka wakakubali. Chakula changu, pango langu na tiketi zangu vyote vinatoka mifukoni mwao.

Shirika lina sheria moja isiyopinda. Ukibadilishiwa kazi, ahadi zote za nyuma zinakwisha. Unarudi nyumbani, unasimama mbele ya watumaji wako, unawaeleza kazi mpya, na kila mmoja anaamua upya kwa kunyoosha mkono mbele ya wenzake. Mtu aliyetoa kwa ajili ya miguu asije akajikuta analipia chaki bila kuulizwa. Ni sheria ya haki kabisa, ila siku ile jikoni niliiona imetungwa ili kunikomoa.

"Wasiponyoosha?" dada aliuliza.

"Nafasi anapewa mwingine. Na mwingine hayupo, kwa hiyo shule haifunguliwi."

"Hawa watu wanapenda miguu, mdogo wangu. Ukileta picha ya mtu anatembea, wanalia. Sasa utawaletea picha ya nini, ya ubao?"

Nilicheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu anayeona mbele kumenyooka. Nilishaona darasa kichwani, meza za mafundi, vijana wa huko huko wakiwa na aproni zao. Nikamwambia dada asihofu, nikisimama mimi watanyoosha mpaka miguu. Akarudi kwenye vitunguu vyake bila kuniunga mkono.

Jumapili alasiri walijaa ukumbi wa shule ya msingi. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakigusa videvu, wakitaniana. Shemeji, mume wa dada, alipewa kazi ya kugawa soda na akaanza kwa kujigawia mwenyewe. Mimi nilisimama mbele roho juu, sanduku langu la vifaa pembeni, nikazungumza.

Nilizungumza vizuri, siwezi kujinyima hilo. Niliwaambia foleni ya karakana yetu haiishi, na mikono inayoihudumia ni hii miwili. Niliwaambia kwamba hata sasa, mimi nikiwa hapa nakunywa soda yao, kule mlango una kufuli na watu wamerudi makwao kwa magongo, kwa sababu fundi yuko likizo. Nikitoa mafundi wanane, kufuli hilo halitafungwa tena. Kinyozi alitingisha kichwa kukubali. Walimu walikuwa wanatabasamu, maana walimu hufurahi kusikia mtu mwingine anaingia kwenye shida zao.

Kisha Mama Cherehani akanyanyua kidole.

Huyu lazima nimweleze. Mtaa mzima umevaa mishono yake, sare za shule mpaka nguo za harusi. Koti langu la kwanza la kazi alinishonea yeye, bure, akanipigia na mfuko wa ndani wa kuficha pipi. Yeye hana maneno mengi, na pale mtaani alipoelekea Mama Cherehani ndipo wengine walipoelekea. Dada alinikazia macho kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Mwanangu," alisema, "hongera. Mimi swali langu ni dogo. Kila mwezi natoa nikijua wewe umeinama mahali juu ya mguu wa mtu. Sasa utakuwa umesimama unaongea. Hao unaowaongelesha, una hakika wataweza?"

"Wataweza, mama. Mtu yeyote anaweza akielekezwa."

"Yeyote?"

"Yeyote. Hata wewe, sasa hivi."

Ukumbi ulichangamka. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na mori, na nikipandwa na mori sijui kusimama katikati. Nikafungua sanduku, nikatoa bandeji za plasta, zile za kufungia mfupa uliovunjika, nikaomba beseni la maji na mguu wa mtu. Shemeji akajitolea kabla sijamaliza sentensi. Alikaa juu ya meza ya mwalimu, akakunja suruali mpaka gotini kwa madaha, na kinyozi akauliza kama nywele zile zinauzwa au ni za maonyesho tu.

Nikaeleza. Kila mguu wa bandia huanza na kalibu: unamzungushia mtu plasta mbichi kwenye kigutu cha mguu, inakauka, unaikata na kuivua, na ndani yake umbo la mwili limebaki. Kalibu ikiwa mbaya, mguu utamchubua mwenyewe mpaka autupe. Mama Cherehani alikunja mikono ya gauni. Nilimpa soksi ndefu nyembamba amvalishe shemeji, nikamwonyesha jinsi ya kulaza mkanda wa plastiki mbele ya muundi ili kisu kisije kugusa ngozi. Akaloweka bandeji ya kwanza, akaanza kisiginoni.

Alikuwa polepole. Bandeji ikapinda kidogo, nikainyoosha. Akasita kwenye shavu la mguu, nikamsaidia kupita pale. Plasta haimsubiri mtu, ikishaanza kukauka imeanza, na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikazungusha raundi moja kumwonyesha, na ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inaendelea vizuri. Nilikuwa naongea huku nafanya, watu wanacheka, shemeji anapepesa macho kwa watazamaji, na nilisikia raha iliyonijaa mpaka vidoleni. Kalibu ilipokauka niliikata, nikaivua, nikainyanyua juu. Ilikuwa laini kama ganda la yai. Ukumbi ukapiga makofi.

Mama Cherehani hakupiga. Alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu, mikono ameinyanyua mbele, michafu mpaka kiganjani tu.

"Nzuri sana," alisema. "Ila hii umetengeneza wewe."

Makofi yakaisha.

"Mimi umeniondoa kwenye bandeji ya pili. Sikulaumu, una haraka na unaijua kazi. Nauliza tu, hao vijana wanane, nao utawafundisha hivi?"

Nilitaka kusema kwamba huku ni maonyesho tu, kwamba kule itakuwa tofauti, na nikajua ni uongo. Miaka yote ile nimekuwa na vijana karakanani, na kila mmoja alikuwa fundi wa kunipa mkasi. Niliwaita wasaidizi. Sikuwahi hata siku moja kumwacha mmoja wao amalize kalibu. Niliogopa, nakiri, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa huko kwenye mabomu. Nilikuwa nimevuka bahari kuwaomba watu hawa wanitume kwenye kazi nisiyoijua, na mshona nguo alikuwa ameling'amua hilo akiwa amesimama tu.

Walimu waliacha kutabasamu. Dada aliinamisha kichwa. Nikaona shule yangu inaniponyoka, pale pale, mbele ya chupa za soda.

"Hapana," nilisema. "Nikiwafundisha hivi hawatajua chochote."

Shemeji akakohoa. Alikuwa bado juu ya meza, mguu mmoja mweupe kwa vumbi la plasta.

"Mimi ninao mwingine," alisema, na akaanza kukunja suruali upande wa pili.

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kusubiri. Nikavuta kiti kimoja cha mtoto, nikakiweka mbele ya meza. Nikakaa, na kwa kuwa najijua, nikaweka viganja vyangu chini ya makalio nikavikalia.

"Anza, mama. Kila kitu ni chako."

Akavalisha soksi. Akalaza mkanda wa plastiki. Bandeji ya kwanza ilikwenda upande, nikauma ulimi. Ya pili ikakaa vizuri. Kisha nikaona kosa, na lilikuwa kosa la fundi cherehani mtupu: alikuwa anaivuta. Mkono uliozoea kunyoosha kitambaa chini ya sindano hauwezi kuacha kitu kilegee, na plasta haitakiwi kuvutwa, inatakiwa kulazwa tu. Ikivutwa inakaba. Mabega yangu yalinyanyuka yenyewe. Kama ingekuwa karakanani ningeshamsogeza.

"Mama," nilisema, na sauti yangu niliisikia ngeni, "hebu muulize mgonjwa wako anajisikiaje."

Akamtazama shemeji. "Unajisikiaje, baba?"

"Vidole vimeanza kunisahau."

Mama Cherehani akapapasa plasta kwa kidole gumba. Akafikiri. Sikusema neno, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Akabandua kila alichokifunga, akakitupa kwenye beseni, akaomba bandeji nyingine.

"Naivuta," alijiambia. "Hii si nguo. Hii inataka kubembelezwa."

Nilitaka kuruka kitini kwa furaha. Ningeweza kumwambia jambo lile mara mia na lisingeingia kama lilivyoingia sasa, limetoka kinywani mwake mwenyewe. Akaanza upya kutoka kisiginoni, analaza, anapapasa, analaza tena, akiulizia vidole vya shemeji kila baada ya raundi. Ukumbi ulikuwa umesimama wote, wamezunguka meza. Kinyozi alishika beseni. Mwalimu wa darasa la kwanza alifungua bandeji na kumpa. Wote walikuwa wanaona jambo moja kwangu, nadhani: mwanamke mzima amejikunja kwenye kiti cha mtoto, amekalia mikono.

Ilipokauka, nikainuka nusu kuchukua kisu.

"Kaa," wakasema watu wengi kwa pamoja.

Nikakaa. Kinyozi ndiye aliyekata, taratibu, juu ya ule mkanda, huku shemeji amefumba macho. Mama Cherehani akaitanua, akaivua, akanishikia mbele ya uso. Ilikuwa na mawimbi, ina uvimbe kwenye kisigino, na mshono wake wa pembeni ulikwenda kama njia ya mbuzi. Niliichungulia ndani. Muundi ulikuwa mahali pake, shavu la mguu mahali pake, hakuna palipobanwa. Mtu angesimama juu ya mguu uliotoka humo.

"Ina sura mbaya," nilisema. "Lakini inafaa. Mtu anatembea nayo."

Mama Cherehani aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama tena, mdomo unamcheza. Akamgeukia kinyozi na kumwambia alete mguu wake, mwalimu naye ajifunzie. Wakati huo huo mzee mmoja wa duka alikuwa ameshavua kiatu bila kuombwa. Bandeji zangu zote zilitumika alasiri ile. Sijawahi kuona fujo tamu namna ile, maji sakafuni, watu wazima wanagombana kuhusu visigino, Mama Cherehani akipiga vibao vidogo kila mkono uliovuta.

Mwisho dada akagonga meza. Yeye ndiye mwenyekiti wao, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Tusichelewe. Mnajua kilichotuleta. Anayemtuma mdogo wangu kwenye hii kazi mpya, anyooshe mkono."

Mama Cherehani alikuwa wa kwanza. "Mimi namtuma," alisema, "ila iandikwe kwamba ni kwa kukaa tu."

Kisha mkono wa kinyozi, wa walimu, wa mzee wa duka mwenye kiatu kimoja, wa shemeji akiwa bado juu ya meza. Ilinyooka mpaka nyuma kabisa ya ukumbi, na karibu yote ilikuwa myeupe kwa plasta. Dada alinyoosha wa kwake huku analia waziwazi. Na mimi machozi yalinitoka, yakashuka mpaka kidevuni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu bado nilikuwa nimeikalia mikono. Mama Cherehani akaniona. Akaja, akanifuta kwa kiganja chake, akaniachia plasta shavu zima.

"Hivyo hivyo," alisema. "Mikono usiitoe."