Siku Sita Jangwani

Wiki nzima miguu yangu ilikuwa haitulii. Asubuhi niko Mchafukoge natafuta tochi, mchana niko Kariakoo natafuta soksi za sufu, na kwa jua lile la Januari 1975 wenye maduka walinitazama kama niliyerogwa. "Dada, soksi za sufu za nini? Una homa?" mmoja aliniuliza. Nikamsonya, nikaenda zangu.

Ofisi yetu ya hali ya hewa ilikuwa inapeleka watu wanne Kilimanjaro, kupima baridi na upepo kwenye jangwa lililo juu kule, kati ya Mawenzi na Kibo. Siku sita kwa miguu, kule juu hakuna mti, maji ya kubeba. Mimi Zamzam binti Mbaruku, karani, nilikuwa mwanamke pekee. Wilbert, mwenzetu mzaliwa wa Marangu, chini ya mlima ule, ndiye aliyepanga safari, na kila nilichokizoea alikikataa. "Maharage yaache," alisema. "Kule juu utayachemsha mpaka kesho, hayaivi." Nikayatoa, nikaweka dagaa. Nikawatoa dagaa, nikawarudisha.

Lakini kilichoninyima raha hakikuwa ndani ya mfuko wa safari. Kilikuwa uani, kinakuna nazi: mama yangu, Bi Sitara. Bila radhi yake nisingepanda hata basi. Radhi nilikuwa nayo tayari. Shida ni jinsi nilivyoipata. Nilimwambia, "Mama, kazini wananipeleka jangwani siku sita, kupima." Naye, bila kuinua kichwa, akajibu, "Jangwani? Nenda, mwanangu. Hapo tu." Alidhani ni bonde letu la Jangwani hapa mjini, tukapime maji ya mto Msimbazi, ukitoka kwetu jasho halijakutoka umeshafika. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga. Nilifurahi, tena nilijiona mjanja.

Siku moja kabla ya kuondoka, alasiri, nafunga mfuko kwa mara ya tano, mama akasimama mlangoni.

"Zamzam, mtakaa upande gani? Wa daraja au wa viwanja vya mpira?"

"Kwa nini, mama?"

"Nikuletee chakula. Nikimaliza vitumbua vyangu, saa saba nitakuwa nimefika. Siku zote sita. Usile ovyo vya watu."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimemfanya mama yangu mjinga, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikayasema yote kwa pumzi moja: mlima, basi, baridi, maji yanayoganda.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Kwa kelele mimi na yeye tunatoshana.

"Baba yako aliaga anaenda Feri kununua samaki," alisema. "Hapo tu. Wewe una miaka minne. Miaka kumi na saba leo, sijui yuko mji gani. Angesema anaenda mbali, ningelia siku ile nikamaliza."

Kwamba baba alituacha nilijua. La samaki sikuwahi kulisikia.

"Nisamehe, mama. Ukisema nisiende, siendi." Nilimaanisha, na roho iliniuma kumaanisha.

Akaingia chumbani, nikamsikia anapekua. Akarudi na daftari lake la elimu ya watu wazima na kipande cha penseli, akaketi mkekani.

"Nitajie. Siku ya kwanza mnalala wapi?"

"Mandara."

Aliandika herufi moja moja, akiuma mdomo. Siku ya pili, Horombo. Siku ya tatu na ya nne nikamwambia ni jangwa tupu, hakuna mji.

"Sasa hapo niandike nini?"

Kisha mwenyewe akaandika Zamzam, kwenye mistari yote miwili. Jina hilo alijua kuliandika vizuri.

"Nenda. Radhi ninakupa, hii ya kweli. Na hapa chini niandike unarudi lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo, mama."

Akaandika Ijumaa. Akairudia juu yake kuikoleza, akairudia tena, mpaka karatasi ikatoboka.